UFA USIOJULIKANA CHANZO HAUZIBIKI

Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa na nyumba ya udongo mbele ya macho yao. Ufa wa nyumba hiyo huonekana na kila apitaye, na huzibwa kwa konzi ya udongo. Walisema kweli, na usemi wao umetumika kwa haki mikutanoni, madarasani na maofisini kuwahimiza watu wasidharau kasoro ndogo. Lakini zama za viwanda vya gesi zimeleta ufa wa namna nyingine. Ufa huo hujificha ndani ya chuma, kando ya kiungo cha kulehemu, na pengine huzaliwa na kazi ileile iliyofanywa ili kuziba ubovu wa kwanza. Kwa ufa wa namna hiyo, usemi wa wahenga hauna budi kuongezewa sharti moja: kabla ya kuziba, ijulikane kwanza umetoka wapi.

Huenda mtu akauliza, mwalimu wa shule na ofisa wa wizara wana haja gani na nyufa za mitambo ya gesi? Wana haja kubwa. Tangu mwaka 2004, gesi asilia ya Songo Songo ilipoanza kusafishwa na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, sehemu kubwa ya umeme unaowasha taa za ofisi na madarasa ya Tanzania imetokana na gesi. Mtumishi wa serikali ndiye anayepitisha fungu la matengenezo, anayeandika masharti ya mkataba na anayetunza majalada. Mwalimu ndiye anayemfundisha kijana, ambaye kesho atashika mashine ya kulehemu au chombo cha kupimia, tofauti iliyopo baina ya kujua na kukisia. Mtambo unapopasuka, uchunguzi mara nyingi hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukafika kwenye meza za watu hao.

MNARA WA ROMEOVILLE

Mfano ulio wazi kuliko mingi ni ule wa tarehe 23 Julai 1984, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni ya Union Oil, karibu na mji wa Romeoville katika jimbo la Illinois, Marekani. Kiwandani hapo ulisimama mnara wa chuma wenye kimo cha karibu mita 19, kipenyo cha mita 2.6, na ukuta wenye unene wa milimita 25. Kazi yake ilikuwa kuondoa hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inukayo kama yai viza, kutoka katika gesi za propani na butani. Gesi hizo zilikutanishwa mnarani na maji yaliyotiwa kemikali iitwayo monoethanolamini, nayo kemikali hiyo ikaufyonza uchafu.

Jioni ya siku hiyo mfanyakazi mmoja aliona gesi ikivuja katika ufa uliolala, wenye urefu wa kiasi cha milimita 150, karibu na sehemu ya chini ya mnara. Alijaribu kufunga vali ya kuingizia gesi. Wakati akihangaika na vali hiyo, ufa ulirefuka ukafikia kiasi cha milimita 600. Watu walianza kuondolewa, na kikosi cha zimamoto cha kiwanda kilikuwa kikifika, mara mnara ukakatika. Sehemu ya juu, yenye urefu wa mita 14, iliruka ikaenda kuanguka umbali wa kilomita 1 hivi, na gesi iliyotoka ikalipuka. Watu 17 walikufa, wengi wao wakiwa wazimamoto wa kiwanda waliokuja kuwaokoa wenzao. Hasara ya mali ilizidi dola milioni 100.

Historia ya mnara huo ndiyo yenye fundisho. Ulianza kazi mwaka 1970. Haikupita miaka mingi, ukuta wake ukaonekana umeota malengelenge ndani ya chuma. Mwaka 1974 pete moja nzima ya ukuta, ya pili kutoka chini, ilikatwa na kutolewa, na pete mpya ikalehemiwa mahali pake papo hapo kiwandani. Kazi ikakamilika, mnara ukarudi katika uzalishaji, na kwa miaka 10 ukaonekana mzima. Ufa ulioua watu mwaka 1984 ulikuwa kando ya kiungo hichohicho cha matengenezo.

Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, ambayo leo inaitwa NIST, iliombwa na wakaguzi wa usalama kazini wa nchi hiyo ivichunguze vipande vya mnara. Wataalamu wake walikuta kwamba kabla ya msiba ufa ulikuwa umekwisha kula zaidi ya asilimia 90 ya unene wa ukuta, kwa urefu wa karibu milimita 800. Mahali hapo ukuta uliohesabiwa kuwa na milimita 25 ulikuwa umebakiwa na ngozi tu. Mkazo ambao gesi ilikuwa ikiutia katika ukuta wa mnara haukufika hata moja ya kumi ya ule ambao chuma kizima cha aina hiyo kingestahimili. Kwa hiyo mnara haukushindwa na uzito wa kazi yake. Ulikwisha kuvunjika polepole, kimyakimya, siku nyingi kabla ya kuanguka.

SABABU MBILI ZILIKUTANA

Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini ufa uzaliwe mahali palepale palipotengenezwa? Wataalamu walionyesha sababu mbili zilizokutana.

Sababu ya kwanza ni moto wa kulehemu wenyewe. Chuma kilicho kando ya mshono hupata joto kali sana kwa muda mfupi, kisha hupozwa haraka na ubaridi wa bati linalokizunguka. Mhunzi wa kijijini anayefua kisu kutoka katika springi ya gari anaijua habari hii kwa mikono yake. Anajua kwamba chuma chekundu kikitoswa majini huwa kigumu mno lakini hukatika kama kigae, na kwa sababu hiyo hukirudisha motoni kwa kiasi, kikapata moto mpole, ndipo kikawa chombo cha kutegemewa. Viwanda hufanya vivyo hivyo: kiungo hupashwa moto upya baada ya kulehemiwa, kisha huachwa kipoe taratibu, ili ugumu wa hatari upungue na mkazo uliobanwa ndani yake ulegee. Pete mpya ya Romeoville haikupashwa moto upya. Kanuni za vyombo vya mgandamizo zilizotumika wakati ule hazikulazimisha jambo hilo kwa bati la unene ule.

Sababu ya pili ni hidrojeni. Hidrojeni salfaidi, ikiwa pamoja na maji, hula uso wa chuma na kuacha chembe za hidrojeni ambazo ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya chuma chenyewe. Zikikuta uwazi mdogo ndani ya bati, huungana humo zikawa gesi na kulivimbisha. Hayo ndiyo malengelenge yaliyoiharibu pete ya kwanza. Zikikuta sehemu ngumu iliyobanwa na mkazo, huinyong'onyeza mpaka ipasuke. Sehemu ya namna hiyo ndiyo hasa iliyotengenezwa mwaka 1974 kando ya mshono mpya.

Basi ugonjwa uliokula pete ya kwanza ndio uliokuja kuua kupitia pete ya pili. Chuma kilibadilishwa, lakini kilichokuwa kikikishambulia kilibaki mnarani kama kilivyokuwa, nacho kikapewa mahali dhaifu zaidi pa kushambulia. Wala hapakuhitajika mtu avunje kanuni ili msiba utokee. Ilitosha kwamba kazi ya kuziba ilikwenda mbele kuliko kazi ya kuuliza. Mwaka 1990 Taasisi ya Petroli ya Marekani ilitoa mwongozo maalumu kuhusu nyufa za mitambo itumiayo kemikali za jamii hiyo, ukihimiza viungo vyake vipashwe moto upya baada ya kulehemiwa. Mwongozo huo umeokoa mitambo mingi, lakini watu 17 walikuwa wametangulia kulipa ada ya somo hilo.

UFA UNAVYOSOMWA

Fundi mwenye elimu husoma ufa kama tabibu asomavyo dalili za mgonjwa. Kwanza hutazama mahali ulipo, pili upande unaoelekea, na tatu muda ulipojitokeza.

Ufa uliokaa katikati ya mshono na kuufuata kwa urefu, aghalabu huzaliwa wakati chuma kilichoyeyuka kikiganda. Huo huelekeza kwenye uchafu kama salfa ndani ya chuma, au kwenye umbo baya la mshono. Ufa ulio kando ya mshono, unaojitokeza saa kadhaa au hata siku mbili baada ya kazi kwisha, huelekeza kwenye hidrojeni iliyoingia wakati wa kulehemu, mara nyingi kwa sababu vijiti vya kulehemu vilikuwa vimenyonya unyevu wa hewa. Ndiyo maana wakaguzi makini wa vyuma vya namna hiyo hungoja saa 48 kabla ya kupima. Katika pwani ya Kilwa au Mtwara, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, kijiti kilichoachwa wazi usiku kucha badala ya kuwekwa katika tanuri ya kukaushia kinaweza kutia ugonjwa katika mshono ambao kwa nje unapendeza macho.

Ufa unaoanzia ukingoni mwa mshono, penye bomba dogo lililochomekwa katika bomba kubwa karibu na kompresa inayotikisika, huelekeza kwenye uchovu wa chuma. Nyuso zake zikifunguliwa huonyesha mistari iliyopangana, kama ile ambayo maji ya bahari huiacha mchangani yakikupwa. Ufa wenye matawi mengi kama mizizi ya mti, katika chuma kisichoshika kutu, huelekeza kwenye chumvi iliyokutana na joto pamoja na mkazo.

Kila ufa una dawa yake. Ule wa unyevu hutaka vijiti vikavu na bati lililopashwa moto kabla ya kazi. Ule wa uchovu hutaka bomba lishikizwe lisitikisike, kwa maana likilehemiwa tu na kuachwa likitikisika, ufa utarudi. Ule wa chumvi hutaka chumvi izuiwe au chuma kingine kichaguliwe. Na ule wa Romeoville ulitaka kiungo kipashwe moto upya na hidrojeni idhibitiwe. Anayeitibu mitambo yote kwa dawa moja, yaani kulehemu tena juu ya kidonda, hana tofauti na mtu anayetoa kidonge kimoja kwa wagonjwa wote wa zahanati.

Vipimo navyo vipo, na kila kimoja kina mpaka wake. Rangi inayopenya, ikifuatiwa na unga mweupe, huonyesha ufa uliofunguka juu tu. Sumaku na unga wa chuma hufichua nyufa nyembamba sana katika chuma cha kawaida, lakini vyuma vingi visivyoshika kutu havivutwi na sumaku. Eksirei huona mapovu na takataka ndani ya mshono, lakini ufa mwembamba ukiwa umekaa mkingamo mbele ya mionzi huweza kuponyoka. Mawimbi ya sauti isiyosikika huingia ndani kabisa na kupima kina cha ufa, mradi mkono unaoyaongoza uwe umefundishwa. Kwa hiyo cheti kinachosema tu kwamba mtambo umepimwa na ni salama hakijasema kitu. Mtumishi anayekipokea ana haki, na wajibu, wa kuuliza: umepimwa kwa njia gani, mahali gani, na nani, na kwa kutafuta ufa wa namna gani?

HARAKA HARAKA

Wapo watakaosema kwamba maswali haya ni anasa ya nchi tajiri. Watasema kwamba mtambo ukisimama umeme hukatika, viwanda hulala, na kwamba fundi hodari anaweza kuusaga ufa na kuujaza kwa mshono mpya usiku mmoja, asubuhi kazi ikaendelea. Hoja hiyo ina uzito, maana hakuna ofisa anayependa kueleza kwa nini mji una giza. Lakini haina budi kupimwa kwa matokeo yake.

Ufa uliosagwa kabla ya kupigwa picha, kupimwa na kuchukuliwa sampuli ni ushahidi uliochomwa moto. Baada ya hapo hakuna hadubini itakayoeleza kama ulikuwa wa uchovu au wa hidrojeni, wa jana au wa miaka mitano. Kiungo kingine cha jinsi hiyohiyo, upande wa pili wa kiwanda, kitaachwa bila kukaguliwa kwa sababu hakuna aliyejua la kutafuta. Kinachookolewa ni usiku mmoja wa uzalishaji, na kinachopotezwa ni maarifa ambayo yangelinda mitambo yote ya aina hiyo.

Isisahaulike pia kwamba utambuzi hulinda upande wa pili wa mizani. Si kila mstari uonekanao juu ya mshono ni ufa. Mwingine ni mkwaruzo; mwingine ni ukingo wa mshono uliokaa vibaya lakini usio na madhara. Kuulehemu upya bila sababu ni kukijeruhi chuma kizima, na Romeoville imeonyesha kwamba kiungo cha matengenezo chaweza kuwa hatari kuliko mahali palipotengenezwa. Mara nyingine uchunguzi mzuri huishia katika uamuzi wa kutogusa kitu, bali kupima tena baada ya miezi kadhaa. Uamuzi huo nao ni kazi, tena hutaka moyo na elimu kuliko kuwasha mashine.

RANGI JUU YA UFA

Hatari nyingine ni kuficha. Tarehe 27 Machi 1980, katika eneo la mafuta na gesi la Ekofisk katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la Alexander Kielland walimolala wafanyakazi lilipinduka, na watu 123 kati ya 212 wakafa. Jukwaa hilo halikuwa mtambo wa gesi, lakini ufa wake ni wa ukoo uleule. Ulianzia katika mshono mdogo, wa kiasi cha milimita 6, uliolehemiwa kushikilia kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji. Kifaa hicho hakikubeba mzigo wowote wa jukwaa, na kwa hiyo mshono wake ulihesabiwa kuwa jambo dogo. Kutoka hapo ufa ulitambaa katika nguzo mojawapo ya kuunganishia mpaka ikakatika, na mguu mmoja wa jukwaa ukang'oka.

Wachunguzi walipoufungua ufa huo walikuta rangi ndani yake. Maana yake ni kwamba chuma kilikuwa kimekwisha pasuka kabla jukwaa halijapakwa rangi na kutoka kiwandani. Brashi ilipita juu ya ufa, na rangi ikaufunika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na rangi iliyopakwa kabla ya ukaguzi huweza kuwaficha maradhi hata wale wasiokusudia kuficha. Shimo la barabarani lililofukiwa kwa kifusi asubuhi ya ziara, na taarifa ya robo mwaka iliyoandikwa vizuri ili isiulizwe maswali, ni rangi ya aina hiyohiyo.

NANI ALAUMIWE?

Msiba ukisha kutokea, hatari ya mwisho ni kumtafuta wa kumtwisha lawama badala ya kutafuta chanzo. Tarehe 25 Septemba 1998, katika kiwanda cha gesi cha kampuni ya Esso huko Longford, jimbo la Victoria, Australia, mafuta ya moto yalikoma kuzunguka, na chombo kimoja cha kubadilishia joto, kilichozoea kufanya kazi katika kiasi cha nyuzi 100, kikapoa hadi kufikia nyuzi 48 chini ya sifuri. Katika baridi ya namna hiyo chuma cha kawaida hupoteza uvumilivu wake kikawa kama kioo. Mafuta ya moto yaliporudishwa, chombo kilipasuka. Watu 2 walikufa na 8 wakajeruhiwa, na kwa wiki kadhaa nyumba zaidi ya milioni 1 za jimbo hilo zikakosa gesi.

Kampuni iliwaelekezea lawama wafanyakazi waliokuwa zamu, hasa mmoja wao. Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Daryl Dawson ilichunguza na kutoa taarifa yake mwaka 1999, ikaikataa hoja hiyo. Tume iliona kwamba wafanyakazi hawakuwa wamefundishwa hatari ya baridi kwa chuma, na kwamba uchunguzi wa kina wa hatari za mtambo huo, uliokuwa umepangwa, haukufanywa. Wahandisi walikuwa wamehamishiwa Melbourne tangu mwaka 1992, wakawa mbali na mtambo. Mwaka 2001 kampuni ilihukumiwa na kutozwa faini ya dola milioni 2 za Australia.

Hukumu hiyo inastahili kukumbukwa na kila mkubwa wa kazi. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutosoma maandishi ambayo hakufundishwa herufi zake. Anayeagiza mtambo bila kuagiza elimu yake ameagiza nusu ya mtambo.

WAJIBU WA TAIFA LENYE GESI

Tanzania haiko mbali na mambo haya. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2015 mitambo mipya ya kusafisha gesi ya Madimba na Songo Songo, pamoja na bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam, ilizinduliwa. Gesi ya visima hivyo ni methani kwa sehemu kubwa mno, na haina ule uchafu wa salfa ulioutafuna mnara wa Romeoville. Hiyo ni neema, lakini isiwe mto wa kulalia. Kompresa hutikisika Mtwara kama zitikisikavyo Illinois, hewa ya bahari hubeba chumvi, na mishono huzeeka. Tena mradi wa kusindika gesi ya bahari kuu kuwa kimiminika mkoani Lindi, uliozungumzwa kwa miaka mingi, ukijengwa utakuwa na mitambo ya kuondoa kaboni dayoksaidi kabla gesi haijapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa kwa kemikali za jamii ileile iliyokuwa ndani ya mnara wa Romeoville. Kwa hiyo somo la mwaka 1984 linaweza kuhitajika Lindi neno kwa neno.

Mambo matatu basi hayana budi kusisitizwa.

Kwanza, majalada. Kila chombo cha mgandamizo kiwe na jalada linaloeleza chuma chake, vijiti vilivyotumika, fundi aliyekilehemu, matengenezo yaliyofanywa na vipimo vyote tangu siku ya kwanza. Chombo kisicho na jalada ni kama mgonjwa asiye na kadi. Kila tabibu huanza upya, na kila kosa hurudiwa. Kazi ya kutunza majalada ni kazi ya watumishi, na hapo karani mwaminifu huokoa maisha ya watu ambao hatawaona kamwe.

Pili, uhuru wa mkaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka msingi wa ukaguzi. Lakini sheria haipimi chuma. Watu ndio wapimao. Mkaguzi anayesema mtambo usimame asichukuliwe kuwa adui wa uzalishaji, na fungu la ukaguzi lisiwe la kwanza kukatwa bajeti inapobana. Mikataba nayo iseme wazi kwamba hakuna ufa utakaosagwa kabla chanzo chake hakijaandikwa.

Tatu, elimu. Vyuo vya ufundi vimekuwa vikifundisha kulehemu, na ni jambo la sifa. Lakini mshono mzuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kwa nini mshono hushindwa. Mwalimu wa kemia anayeeleza hidrojeni, na mwalimu wa fizikia anayeeleza mkazo na joto, wanaweza kuwapeleka wanafunzi kwa mhunzi wa jirani wakaone chuma kikivunjika baada ya kutoswa majini na kikipinda baada ya kurudishwa motoni. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo hatalisahau, na akiwa fundi hatamkubalia msimamizi anayemwambia, "Ziba tu, twende."

Taifa linalotaka kujenga viwanda litakutana na nyufa. Hakuna kiwanda duniani kisichopata ufa. Kinachotofautisha taifa na taifa ni kile kinachofuata baada ya ufa kuonekana. Wahenga walihimiza ufa uzibwe mapema, na neno lao lingali na nguvu. Watu 17 wa Romeoville waliuawa na ufa uliozaliwa katika kazi ya kuziba. Ofisa atakayeletewa kesho hati ya matengenezo aweke sahihi yake, lakini kabla hajaiweka aulize, na asiridhike mpaka ajibiwe: ufa huu umetoka wapi?